Mtaji wa Kwanza wa Mfanyabiashara

Saa ya kufunga soko ni saa ya hatari. Wakati huo mchuuzi amechoka. Tangu alfajiri amesimama, amepaza sauti, amebishana bei na watu wengi, amevumilia jua na vumbi. Mfukoni mwake mna fedha taslimu, na fedha hizo, ukizitazama kwa macho tu, zote zaonekana kuwa zake. Upande mmoja iko njia ya kwenda nyumbani. Upande wa pili kipo kilabu, na mlangoni pake wameketi watu wale wale aliofanya nao biashara mchana kutwa, nao wamwita kwa jina. Katika hatua hamsini hizo, kutoka mezani pake hadi njia panda, mambo makubwa huamuliwa: ada ya mtoto, kodi ya nyumba, amani ya mke, na mara nyingine uhai wenyewe.

Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kujifunza pamoja nanyi jambo hili: mfanyabiashara afanyeje ili aishi bila kulewa, hali kazi yake yenyewe yamsogeza kila siku karibu na kileo? Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Jamaa nyingi zinaye mmoja aliyeangushwa na jambo hili, na sisi tuandikao hatukutengwa nalo. Twaandika kwa kuwa twaamini kwamba aliyeanguka aweza kuinuka, na aliye wima yampasa ajue mahali penye utelezi.

Kwa nini mfanyabiashara hujaribiwa zaidi

Karani hupokea mshahara mara moja kwa mwezi. Akiulewea wote, siku ya kumi hana cha kununulia. Mkulima hupata fedha baada ya mavuno. Bali mfanyabiashara, kila jioni kwake ni mwisho wa mwezi. Fedha hupita mikononi mwake pasipo kukoma, na mtu aliyezoea kushika fedha kila saa husahau upesi kwamba nyingi kati ya hizo si zake, bali ni za mzigo wa kesho.

Tena, mfanyabiashara hana msimamizi. Mtumishi wa ofisi au wa kiwanda akifika kazini amelewa, yuko mtu wa kunusa pumzi yake na kumrudisha nyumbani. Mwenye duka akichelewa kufungua, nani atamwuliza? Wateja hawamwulizi, huenda duka la jirani, basi. Adhabu yake haiji kwa barua, huja kimya kimya.

Kisha iko desturi ya kufunga mapatano kwa kinywaji. Katika minada ya ng'ombe, magulioni na katika vituo vya malori, watu wengi hudhani kwamba bei haijakubaliwa mpaka chupa imefunguliwa. Aliyeuza hununua kwa sababu amepata fedha. Aliyenunua hununua kwa sababu amepata mali. Dalali naye hunywa kwa wote wawili. Mtu akikataa huambiwa kwamba ana kiburi, au kwamba ni bahili. Hivyo mchuuzi kijana, asiyependa hata harufu ya pombe, hujikuta ameanza kunywa kwa ajili ya kazi, kama vile mtu avaavyo koti kwa ajili ya kazi. Lakini koti huvuliwa jioni.

Safari nazo zina hatari yake. Afuataye mzigo mbali hulala usiku njiani, au katika nyumba ya wageni asipojulikana na mtu. Mke hayupo, watoto hawapo, jirani hayupo. Upweke ni mshauri mbaya, na usingizi wa mtu mwenye fedha katika mji wa kigeni si usingizi mwema. Huko ndiko wengi walikofundishwa chupa ndogo ya kuleta usingizi na majani ya kutafuna ya kuufukuza.

Na la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: katika biashara, kila hali huweza kuwa sababu. Akipata faida, anywa kwa furaha. Akipata hasara, anywa kwa huzuni. Soko likilala, anywa kwa kungoja. Mtu wa namna hii hahitaji kileo kwa ajili ya jambo fulani. Amekwisha kukifanya kileo kuwa jibu la mambo yote.

Mfanyabiashara wa Akron

Tuwasimulie habari ya mtu mmoja wa biashara, habari ya kweli iliyotukia Marekani.

William Wilson alizaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Vermont. Baada ya kuwa ofisa wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, aliingia New York katika biashara ya hisa, mtaa ule mashuhuri uitwao Wall Street. Alikuwa na akili ya pekee. Wengine walinunua hisa kwa kusikia uvumi, lakini yeye aliona yafaa kwenda kuvitazama viwanda vyenyewe. Mwaka 1925 yeye na mkewe Lois walisafiri kwa pikipiki yenye kiti cha pembeni, wakilala hemani, wakichunguza makampuni, naye aliandika taarifa ambazo watu wa hisa walizitamani. Fedha zikaja. Pamoja nazo pombe ikaongezeka, kwa maana katika mtaa ule mapatano yalifungwa kwa glasi, kama yanavyofungwa minadani kwetu.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na mali ya Wilson ikaanguka nalo. Wakahamia katika nyumba ya wazazi wa mke, huko Brooklyn, na Lois akaenda kufanya kazi dukani ili wapate kula. Mwaka 1932 wafanyabiashara wenzake walimpa nafasi nyingine ya kuingia katika ushirika wa kununua hisa, wakati bei zilipokuwa zimeshuka mno. Walimwekea sharti: akinywa, atapoteza haki yake yote. Alikubali kwa moyo. Lakini jioni moja, akiwa safarini kwa kazi na wenzake, walimpitishia pombe kali ya matufaha. Mwanzoni alikataa, baadaye alipokea, na alipokwisha kupokea hakuweza kuacha. Mkataba ukavunjika. Tazameni basi: hakukosa akili, wala hakukosa sababu ya kuacha, sababu ilikuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Haikutosha.

Baada ya hapo alilazwa hospitali mara kwa mara, chini ya daktari aitwaye William Silkworth, aliyemweleza kwamba ulevi wa namna yake ni ugonjwa, wala si ubaya wa tabia peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1934 alitembelewa na rafiki wa zamani, mlevi mwenzake, aliyekuwa ameacha kwa kumwelekea Mungu na kuungama makosa yake. Tangu Desemba 11, 1934, Wilson hakunywa tena.

Lakini jaribu lake halisi lilimngoja katika biashara. Mei 1935 alikwenda Akron, mji wa viwanda vya mpira katika jimbo la Ohio, akishindania pamoja na wenzake mamlaka juu ya kampuni moja ya mitambo. Walishindwa. Wenzake wakarudi New York, naye akabaki peke yake katika Hoteli Mayflower, mfukoni akiwa na kama dola kumi tu. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja palikuwa na baa. Alisikia vicheko na sauti za glasi. Upande wa pili palikuwa na simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji ule.

Wasomaji, mwaona kwamba ni njia panda ile ile ya mchuuzi wetu? Hasara mkononi, upweke moyoni, baa huku, na huku njia nyingine. Wilson aliogopa, na hofu ile ikamwokoa. Alikumbuka kwamba katika miezi ile mitano alikuwa amejaribu kuwasaidia walevi wengine. Hakuna aliyeacha, lakini yeye mwenyewe alikuwa amebaki mzima. Akaenda kwenye simu, akampigia mchungaji mmoja asiyemjua, akaeleza kwamba yeye ni mlevi na amtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Simu moja ikamleta kwenye nyingine, mpaka akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji wa mji ule, Robert Smith, ambaye kazi yake ilikuwa ikiangamia kwa pombe.

Walikutana jioni ya Jumapili, Mei 12. Daktari alikuwa amekubali kukaa robo saa tu. Wakakaa saa zaidi ya sita. Wilson hakumhubiria. Dokta Silkworth alikuwa amemwonya aache kuwahubiria watu, bali awaeleze kwanza ukweli wa ugonjwa. Basi alisimulia maisha yake, na daktari akajiona ndani ya habari ile. Baadaye daktari alianguka tena mara moja, akainuka, na tangu Juni 10, 1935, hakunywa mpaka alipokufa mwaka 1950. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha walevi walioacha, kijulikanacho kwa herufi mbili, A.A., ambacho leo kina mikutano katika nchi zaidi ya 150, na Afrika Mashariki imo.

Wilson hakuwa Mkatoliki, wala chama hicho si cha dini fulani. Lakini watu wa Kanisa waliisaidia kazi ile tangu mwanzo. Mwaka 1939 Sista Ignatia, mtawa mzaliwa wa Ireland, alimsaidia Dokta Smith kuwalaza walevi katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Akron, wakati hospitali nyingi zilipowafungia mlango. Mwaka 1940 Padre Edward Dowling, Mjesuiti, alimtembelea Wilson, akawa rafiki na mshauri wake wa miaka mingi.

Tuseme na upande wa pili, maana ukweli hauna haya. Wilson aliacha pombe, hakuacha sigara, na mapafu yake yaliharibika kwa moshi; alikufa mwaka 1971. Mtu aweza kufungua mnyororo mmoja na kuvaa mwingine. Na yule aliyeshindwa Akron hakupata ile kampuni. Biashara aliyoiendea ilipotea kabisa. Hata hivyo, ni nani leo aikumbukaye kampuni ile?

Mambo manne ya kujifunza

La kwanza: ahadi peke yake haitoshi. Mkataba wa mwaka 1932 ulikuwa ahadi, tena ya fedha nyingi. Mtu aliyekwisha kunaswa hawezi kujitoa kwa kukaza meno tu. Hapana budi awe na mtu wa kumwita.

La pili: saa ya hatari huja baada ya hasara. Basi yafaa mtu ajiandae kabla hasara haijaja, ajue jina la yule atakayemwendea, na nambari yake ya simu awe nayo.

La tatu: amsaidiaye mwenzake hujisaidia mwenyewe. Mchuuzi aliyeacha pombe na kumchukua kijana wa meza ya pili ili wakae pamoja jioni, amejijengea ukuta.

La nne: kwanza kiasi, kisha biashara. Mtu akisema, "Nitaacha mambo yangu yakinyoka," hayatanyoka. Utaratibu ni kinyume chake.

Hesabu ya daftari

Sisi watu wa sokoni twasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuifungue daftari tufanye mfano, tukitumia shilingi za Tanzania.

Tuseme mtu ana mtaji wa shilingi 400,000. Huuza nyanya na vitunguu, na kila siku ya soko, akiisha kulipa usafiri na ushuru, hubaki na faida ya shilingi 15,000. Nyumbani huacha 9,000. Zimebaki 6,000. Akizinywa hizo 6,000, kwa macho ya watu hakuna lililoharibika: watoto wamekula, meza ipo. Lakini mtaji wake haukui. Mwaka huu ni 400,000, na mwaka ujao, bei zikiwa zimepanda, 400,000 ile ile haitajaza hata matenga ya zamani.

Sasa mtu huyo hanywi peke yake. Rafiki nao hunywa. Jioni yamtoka 10,000. Zile 4,000 za ziada zatoka wapi? Zatoka katika mtaji. Kwa siku 26 za soko katika mwezi, ni shilingi 104,000. Kabla miezi minne haijatimia, mtaji wote umekwisha, na mwenyewe hajaona siku hata moja aliyofanya jambo kubwa la kijinga.

Hapo huja hatua ya tatu, iliyo mbaya kuliko zile mbili. Mtu anayeaminika hupewa mali kauli: achukua mzigo leo, alipa akiisha kuuza. Mlevi aliyemaliza mtaji wake huanza kunywa mzigo wa mwenzake. Mwanzo alikunywa faida, kisha mtaji, sasa anywa uaminifu. Mtaji ukipotea waweza kukopwa. Bali jina likiharibika sokoni, miaka mingi haitoshi kulirudisha.

Geuzeni ukurasa. Zile 6,000 zikiwekwa kila siku ya soko, kwa mwezi ni 156,000, na kwa mwaka ni shilingi 1,872,000. Hiyo ni zaidi ya mitaji minne kama ule wa kwanza, nayo imetoka katika fedha ambazo mtu aliziita ndogo.

Majani, unga na vidonge

Pombe si adui wa pekee. Wasafirishaji na wachuuzi wa usiku wengi hutafuna mirungi ili wasilale. Katika Kenya majani hayo huuzwa wazi. Katika Tanzania yamekatazwa na sheria. Lakini pande zote mbili za mpaka mwili ni mmoja: usingizi uliofukuzwa hautoweki, hungoja. Atafunaye ili akeshe hutafuta baadaye pombe au kidonge ili alale, na hivyo huvutwa na kamba mbili. Dereva wa namna hiyo hubeba mzigo wa watu na roho za watu.

Heroini, ambayo vijana huiita unga, imeingia katika miji ya pwani yetu kwa miongo kadhaa sasa. Aliyenaswa nayo haachi kwa kukemewa, kwa maana mwili wake hutaabika sana aikosapo. Ashukuriwe Mungu kwamba dawa ya kumsaidia ipo: tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa wagonjwa hao methadoni, inywewayo kila siku chini ya uangalizi, na baadaye huduma hiyo ikafunguliwa mahali pengine. Wako walioanza dawa hiyo, wakarudi kwenye meza zao za biashara.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika vifungu 2290 na 2291, yaeleza jambo hili waziwazi: fadhila ya kiasi hutuepusha na kila namna ya kupita kipimo, na kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kwa tiba, ni kosa zito, nao wazitengenezao na kuziuza kwa siri hutenda ovu kubwa kwa jirani. Mfanyabiashara asijidanganye kwamba yeye hazitumii, ila azipitisha tu katika mzigo wake. Faida ya namna hiyo ni mkaa wa moto kifuani.

Kuhusu mama apikaye pombe

Hapa twafika mahali pagumu, wala hatutapakwepa. Wako mama wengi, wenye imani na bidii, waliosomesha watoto kwa mbege, kwa ulanzi, kwa wanzuki au kwa komoni. Je, tuwaambie kwamba kazi yao ni dhambi? Hapana. Kileo chenyewe hakikulaaniwa. Divai hutumika altareni, na wazee wetu walikunywa kwa kiasi katika arusi na matambiko ya ukoo. Lakini tuwaulize kwa upole: mama, wamwuzia nani? Yule jirani aliyekwisha kulewa, ambaye watoto wake hawakula leo, wampimia kibuyu cha tano? Wamkopesha kwa rehani ya jembe lake? Wamwuzia mtoto? Mwuzaji mwenye dhamiri hufunga mapema, huwakatalia waliolewa, wala hauzi gongo, ambayo mara nyingine imeua au kupofusha wanywaji. Na akipata njia nyingine ya kujipatia riziki, kama unga, uji au maandazi, huifuata kwa furaha.

Serikali nazo zimejifunza. Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya mifuko midogo ya plastiki, iliyokuwa rahisi kwa kila mchuuzi na hata kwa wanafunzi. Sheria yaweza kuondoa kiroba mezani. Haiwezi kuondoa kiu moyoni. Kazi hiyo ni yetu.

Kanuni za kila siku

Basi mfanyabiashara atakaye kuishi bila kulewa na afanye hivi.

Asubuhi, kabla ya kupanga bidhaa, aamue siku moja tu: leo sinywi. Asiape kwa miaka kumi; kesho ina asubuhi yake.

Asifanye biashara kwa njaa. Tumbo tupu na jua kali ni marafiki wa pombe. Ale mchana, anywe maji, na jioni anywe chai kabla hajaondoka mezani.

Fedha zisitembee naye jioni. Ya mzigo aiweke benki, au katika simu, au kwa mwenzi wake, kabla ya kufika njia panda. Fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa ilipwe asubuhi, isingoje usiku.

Mapatano yafungwe kwa chai au kwa chakula. Mkubwa akimkaribisha kinywaji, ajibu kwa adabu na kwa ufupi: "Shikamoo mzee, nashukuru sana, mimi nitapata soda." Asieleze sana; aelezaye sana hufungua mlango wa kubishana. Mteja amkimbiaye mtu kwa sababu ya soda hakuwa mteja wa kudumu.

Safarini asilale peke yake akiweza kusafiri na mwenzake mwenye nia moja, na kila usiku apige simu nyumbani.

Asizimue. Pombe ya asubuhi ya kuondoa uchovu wa pombe ya jana ndiyo ishara kwamba kamba imekaza. Afikaye hapo asione haya kumwendea daktari. Na hili tulisisitize: aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake nyumbani, kwa maana mwili wake waweza kutetemeka, kupata kifafa na kuchanganyikiwa, hata kufa. Kuacha ni lazima; kuacha kwa msaada wa tabibu ndiyo busara.

Neno kwa jamaa

Mke wa Wilson, yule Lois aliyekuwa akifanya kazi dukani, aligundua kwamba naye alikuwa ameumizwa na ulevi wa mumewe kwa namna yake. Mwaka 1951 yeye na mwenzake walianzisha chama cha ndugu wa walevi, kiitwacho Al-Anon. Walijifunza jambo ambalo na sisi twahitaji kulijua: ndugu hawezi kumwachisha mtu pombe kwa kulia, wala kwa kuficha chupa, wala kwa kumlipia madeni kila mara. Anayelipa madeni ya mlevi kwa siri humnunulia chupa ya kesho. Afadhali deni limfikie mwenyewe, naye akute mkono wa ndugu ulio tayari kumpeleka hospitali.

Lakini siku arudipo nyumbani mzima, asipokelewe kwa masimango. Tusimkumbushe arusi aliyoiharibu wala ng'ombe aliyemwuza. Chakula kiwe tayari, watoto wamwamkie, mama amwulize habari za soko. Mtu aliyepita kilabu bila kuingia amefanya kazi kubwa kuliko ile ya mchana kutwa, na huenda hakuna aliyemwona ila Mungu.

Twarudi basi kwenye njia panda yetu. Mfanyabiashara huhesabu mtaji wake kwa fedha, kwa mizani, kwa meza na matenga. Vyote hivyo vyaweza kupotea na kupatikana tena. Mtaji wa kwanza ni akili timamu, maana ndiyo ihesabuyo mingine yote. Aliyeilinda leo hadi jioni, amepata faida, hata kama hakuuza kitu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika soko letu, mapatano hufungwaje? Je, iko njia ya kuanzisha desturi nyingine?

2. Mtu wa jamaa yetu akishikwa na hamu ya kunywa leo jioni, atamwita nani? Je, amjua?

3. Je, tumewahi kulipa deni la mlevi kwa siri? Lilimsaidia au lilimdhuru?

4. Kama twauza kileo, ni nani ambaye tangu kesho tutamkatalia kwa upendo?